Nahodha Anayezima Mashine: Ushauri kwa Anayekwenda Kutazama Nyangumi, Potwe na Pomboo

Wengi wanaopanda chombo kwenda kutazama nyangumi, pomboo au papa potwe hurudi pwani wakiwa wameona povu, mgongo uliotokeza mara moja, na visogo vya abiria wenzao. Si kwamba bahari imewanyima. Wamekwenda mwezi usiofaa, au wamepanda na nahodha mwenye haraka, au wamekodoa macho pale ambapo mnyama alikuwa ameshaondoka. Yote matatu yanarekebishika kabla hujatia mguu majini. Nitazungumzia bahari yetu, kuanzia Watamu mpaka Mtwara, kwa sababu ina utajiri ambao wageni huvuka mabara kuufuata huku wenyeji wengi wa Dar es Salaam na Mombasa hawajawahi kuuona hata siku moja.

Ninaposema chombo kidogo nina maana ya jahazi au mashua ya mashine inayobeba watu wanane, kumi, au pengine ishirini, na ikibidi hulala imetia nanga kando ya kisiwa kwa siku mbili tatu. Safari za namna hiyo hupita Mafia, Okuza, Nyuni, Fanjove na Songosongo hadi Kilwa. Abiria wa meli kubwa hukaa juu mno, na meli yenyewe ina ratiba ya bandari isiyoweza kuvunjwa kwa ajili ya ndama wa nyangumi. Ndani ya chombo kidogo uko karibu na uso wa maji, unasikia mnyama akitoa pumzi, na nahodha ana uhuru wa kusimama nusu saa akingoja. Uhuru huo wa kungoja ndio unaoulipia. Nahodha asiyengoja hana tofauti na basi la mjini.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, omba kuzungumza na nahodha mwenyewe, si dalali wala mpokeaji wa simu tu. Muulize: ukimwona nyangumi, unazima mashine akiwa umbali gani? Mkikuta mashua nyingine tatu zimeshamzunguka potwe, mnafanya nini? Mnateremsha watu wangapi kwa mara moja? Anayekujibu kwa utulivu, akakueleza kwamba husubiri zamu au huenda kutafuta mwingine, huyo mpe pesa yako. Anayekuapia kwamba lazima utawaona, tena utawashika kwa mkono, mwache hata kama bei yake ni nusu ya mwenzake. Hakuna binadamu anayeweza kuahidi mnyama wa baharini, na anayeahidi atalazimika kumkimbiza mnyama ili ahadi yake itimie.

Maswali ya usalama nayo yasionewe haya. Chombo kiwe na leseni, ya TASAC kwa Tanzania Bara, ya Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, au ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Majaketi ya kuokoa maisha yatoshe kila abiria, na ya watoto yawe ya kipimo chao. Kuwe na redio au simu inayoshika mtandao huko mnakokwenda, na mashine ya akiba kama mnatoka nje ya mwamba. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa itazamwe asubuhi ya safari, si jana yake. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru. Ameikosa pesa ya siku nzima kwa ajili ya roho yako.

Sasa misimu, maana hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Nyangumi wenye nundu hutoka bahari ya baridi karibu na Antaktika na kusafiri zaidi ya kilomita 5,000 kuja kuzaa na kupandana katika maji yetu ya vuguvugu. Hufika kuanzia Julai, huzidi Agosti na Septemba, na wengi huwa wamegeuza kurudi kusini mwishoni mwa Oktoba. Ugumu ni kwamba Julai na Agosti kusi bado lina nguvu, na mawimbi yake hayana huruma kwa chombo kidogo wala kwa tumbo la asiyezoea. Mimi humshauri mtu wa mara ya kwanza achague Septemba. Upepo huwa umelegea, na kina mama huwa na ndama waliokwisha kupata nguvu ya kucheza juu ya maji. Watamu, Kizimkazi, Mafia, Kilwa na Mtwara zote ni sehemu za kuwaonea.

Potwe, ambaye Wakenya wengi humwita papa shilingi kwa madoa yake, ana kalenda nyingine. Mahali pake hasa ni Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia wamegundua kwamba baadhi yao hawaondoki Mafia mwaka mzima, ila nje ya msimu husogea mbali na ufuko na kuzama chini zaidi, ndiyo maana hawaonekani. Katika miezi ya matlai na kaskazi hukaribia nchi kavu wakifuata uduvi. Upepo wa kaskazi unapovuma, kisiwa chenyewe huukinga upande wa Kilindoni, na asubuhi nyingi maji huwa yametulia kabisa. Unaweza kufika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa kivuko kutoka Nyamisati. Eneo la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, lina kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Kalenda ya miezi haitoshi, tazama na mwezi wa angani. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne, na mkondo huo huvuruga mchanga na tope. Kama unataka kupiga mbizi penye matumbawe na kuona kasa, maji mafu ni bora. Kwa potwe usitarajie maji meupe kama yale ya kwenye picha za matangazo. Mafia iko mbele ya delta ya Rufiji, na maji ya Kilindoni mara nyingi ni ya kijani yenye ukungu. Ukungu huo una vijidudu na uduvi ndani yake, ndicho chakula kilichomleta potwe. Siku ambayo maji ni safi kabisa, huenda usimwone.

Mkishatoka, kazi ya kutazama ni yenu nyote, msimwachie nahodha peke yake. Darubini iacheni shingoni kwanza. Zungusha macho polepole kutoka upande mmoja wa upeo hadi mwingine, kisha rudia karibu zaidi na chombo, ukitafuta kitu kinachokwenda kinyume na mpangilio wa mawimbi. Ndege wa baharini wakikusanyika na kujitupa majini, chini yao kuna samaki wadogo, na wanaowasukuma juu wanaweza kuwa jodari au pomboo. Pumzi ya nyangumi mwenye nundu hupanda kama mita tatu na kutawanyika haraka, nayo huonekana umbali wa zaidi ya kilomita moja, hasa jua likiwa nyuma yako. Penye wimbi linalovunjika pasipo na mwamba, tazama mara mbili. Mahali nyangumi alipopiga mkia chini ya maji hubaki duara laini juu ya uso wa bahari. Ukiliona, jua kwamba alikuwa hapo muda mfupi uliopita, na mara nyingi maduara kadhaa yakifuatana yatakuonyesha anakoelekea.

Kutambua pezi ni elimu rahisi inayobadilisha safari nzima. Mkia wa pomboo na nyangumi umelala, hupiga juu na chini, kwa hiyo pezi la mgongoni huinuka, hujipinda mbele, kisha huzama. Mkia wa papa umesimama, hupiga kushoto na kulia, kwa hiyo pezi lake hukaa juu na kuyumba taratibu. Potwe anapokula karibu na uso utaona mapezi mawili yakifuatana kwa mstari, la mgongo na la mkia, na nafasi iliyo katikati yake itakupa picha ya urefu wake. Wengi wa Mafia ni madume ambao hawajakomaa, wa mita tano hadi tisa. Potwe aliyekomaa anaweza kuzidi mita kumi na mbili.

Ukiona kitu, usipige kelele ya "kule, kule!" Chukulia chombo ni uso wa saa: omo, yaani mbele, ni namba kumi na mbili; tezi, yaani nyuma, ni namba sita. Sema: namba tatu, umbali wa mita mia mbili. Nahodha atakuelewa mara moja na wenzako watageuza shingo upande mmoja. Na darubini yako isiwe ya kukuza sana. Ile ya kukuza mara saba au nane inatosha. Ya mara kumi na mbili juu ya chombo kinachotikisika itakupa kizunguzungu tu.

Nyangumi anahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiye anayeumia zaidi kwa kutokujua kwetu. Mama aliyezaa katika maji yetu hapati chakula cha maana huku. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kusini, na kwa mafuta hayo hayo anamnyonyesha ndama aliyezaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi na uzito wa kama tani moja. Kila mara chombo kinapomlazimisha akimbie, anachoma akiba ambayo hawezi kuirudisha mpaka afike tena Antaktika. Sauti nayo ni mateso. Ndani ya maji sauti husafiri kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mngurumo wa mashine humfikia mnyama muda mrefu kabla hujamwona. Watafiti waliobandika vinasa sauti kwenye ndama na mama zao katika ghuba ya Exmouth, Australia, waligundua kwamba wawili hao huongea kwa sauti ya chini sana, huenda kwa kuhofia nyangumi wauaji wasije wakawasikia. Mnong'ono huo hauwezi kushindana na mashine ya farasi mia mbili.

Basi mkimwona, punguzeni mwendo mkiwa bado mbali. Sogeeni kwa ubavu, mkienda naye sambamba, kamwe si kwa mbele wala kwa nyuma yake. Kanuni za nchi nyingi husimamisha chombo mita 100 kutoka kwa nyangumi mzima, na mbali zaidi, kama mita 300 hivi, akiwa na ndama. Msiingie kati ya mama na mwana. Zimeni mashine au iacheni ikinguruma bila kusukuma, kisha kaeni. Akiinua mkia juu kabisa, anakwenda chini kwa muda, tazameni saa. Dakika tano, kumi, pengine kumi na tano, atarudi kuvuta pumzi. Wanaoondoka baada ya dakika tatu wakidhani amepotea ndio wanaosimulia baadaye kwamba nyangumi hawaonekani. Waliobaki kimya mara nyingine huona mnyama huyo wa tani thelathini akigeuza mwenyewe na kuja kuwatazama. Akija, msiwashe mashine. Mita zile ni mpaka wenu ninyi, yeye hana mpaka.

Baada ya nusu saa, ondokeni taratibu hata kama mnatamani kubaki. Na mkiwa pale, mwombeni nahodha achovye kinasa sauti cha majini kama anacho. Madume huimba wimbo wenye mafungu yanayojirudia, dakika kumi au ishirini, kisha huanza upya kwa saa nyingi. Uwindaji wa nyangumi wenye nundu ulipigwa marufuku katika nusu ya kusini ya dunia mwaka 1963, wakiwa wamebaki wachache sana, na tangu hapo wameongezeka tena. Wimbo huo ulikaribia kunyamaza.

Kwa potwe utaratibu ni mwingine kwa sababu watu huingia majini. Usiku wavuvi wa dagaa wa Kilindoni huwaona mara nyingi karibu na nyavu zao, na nahodha mwenye uhusiano mzuri nao hupiga simu alfajiri kuuliza. Chombo kimtangulie mnyama kwa upande, si kwenye njia yake, na watu wateremke taratibu bila kurukaruka, wasizidi kumi. Kaa usawa wa ubavu wake, mita tatu kutoka mwilini na nne kutoka mkiani. Hana haja ya kukuuma, chakula chake ni uduvi na vijidudu, lakini mkia wake unaweza kukuvunja mbavu bila yeye kujua. Usimguse, usimmulike kwa mwanga wa kamera, usiogelee mbele ya mdomo wake. Akijipinda akakugeuzia mgongo, au akaanza kuzama, amekwambia basi, nawe mwitikie kwa kubaki juu.

Mpige picha ya ubavu wa kushoto, nyuma tu ya matundu ya kupumulia. Madoa ya hapo hayafanani kwa potwe wawili, na picha kama hizo ndizo zilizowawezesha wanasayansi kuwatambua potwe wa Mafia mmoja mmoja na kujua nani karudi mwaka huu. Ukimpa mwongoza wageni wako picha moja nzuri yenye tarehe, umechangia elimu ya mnyama aliyeorodheshwa tangu mwaka 2016 kuwa katika hatari ya kutoweka.

Mafuta ya jua usijipake kabla ya kuingia majini pale anapokula. Vaa mikono mirefu. Akina mama wanaotaka stara wavae vazi la kuogelea la stara linalobana kiasi. Dera na kanga ni vizuri ndani ya chombo, lakini majini hujizungusha miguuni na ni hatari.

Nina neno kwa asiyejua kuogelea, maana ni wengi na wengi wao hubaki nyumbani kwa aibu. Nenda. Potwe anayekula juu ya maji huonekana vizuri ukiwa umekaa ukingoni mwa mashua, na kwa nyangumi hakuna anayeteremka hata kidogo. Vaa jaketi tangu mnaondoka gatini mpaka mnarudi, na usikubali mtu akushawishi uingie.

Pomboo wa Kizimkazi wanahitaji msimamo wako zaidi kuliko ujuzi wako. Utalii wa pomboo pale ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ulikuwa heri kwao, kwani kabla ya hapo walivuliwa na nyama yao kutumika kama chambo cha papa. Leo tatizo ni msongamano. Uchunguzi uliofanywa huko umeonyesha kwamba mashua zikiwa nyingi, pomboo hupunguza kupumzika na kula, na hutumia muda mwingi zaidi kukimbia huku na huko. Pomboo wanaopumzika huogelea polepole, wamekaribiana, wakiibuka na kuzama pamoja. Ukiwaona hivyo, sema kwa sauti kwamba hutaki kushuka. Vivyo hivyo wakibadili mwelekeo kila mashua inapowafikia. Manahodha wa Kizimkazi si watu wabaya, wengi hukimbiza kwa sababu abiria amewaambia ametoka mbali na lazima aogelee nao. Abiria mmoja akisema tuwaache, nahodha hupata sababu ya kufanya alichojua tangu mwanzo. Bakshishi mpe kwa kukaa mbali, na umweleze kwamba ndiyo sababu. Kisite nchini Kenya, upande wa Shimoni na Wasini, kuna pomboo pia na mara nyingi nafasi ni kubwa zaidi.

Kasa ni wa kusubiriwa ufukoni. Katika kisiwa cha Juani, Mafia, hutaga mayai ambayo huanguliwa baada ya takriban siku hamsini na tano hadi sitini, na walinzi wa viota waliofunzwa na shirika la Sea Sense huwajulisha wageni siku ya vifaranga kutoka. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri. Tochi nyeupe na simu zizimwe, kwa kuwa kifaranga hufuata mwanga akidhani ni bahari.

Kuhusu kichefuchefu: kula kitu kikavu kabla ya safari, kaa katikati ya chombo kuelekea tezi, tazama upeo, usitazame simu. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kuumwa, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

Mwisho, kuna mnyama ambaye huenda usimwone maishani, naye ni nguva. Waliobaki Tanzania wako zaidi kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, penye majani ya baharini, na wavu wa jarife ndio unaowamaliza. Ikitokea ukaona mgongo wa kijivu usio na pezi ukiibuka mara moja na kuzama bila povu, andika saa, mahali na upande alioelekea, piga picha ukiweza, kisha mpe taarifa afisa uvuvi au kikundi cha usimamizi wa bahari cha kijiji mnachofikia. Ukimkuta nguva, kasa au ndama wa nyangumi amenaswa, usirukie majini na kisu. Zimeni mashine, kaeni mbali na mkia, na mwite mwenye ujuzi kwa redio papo hapo. Kasa na nguva hupumua hewa kama wewe, na ndani ya wavu dakika zao ni chache.